Paka Manx Asiye na Mkia: Kumchagua, Kumlisha na Kumlinda Mgongo

Paka Manx mtazame kwa nyuma kabla hujamtazama usoni. Uso wake unavutia mno, kichwa cha duara, mashavu yaliyojaa, macho makubwa, na wengi hununua uso huo. Lakini afya yake husomwa kwenye nyonga: miguu ya nyuma inavyokanyaga, anavyojisaidia, na kama manyoya ya makalioni ni makavu au yana unyevu. Aliyeyakagua hayo kwa utulivu hupata paka mwaminifu, mwindaji hodari wa panya, wa kukaa naye miaka mingi. Asiyeyakagua mara nyingi hujikuta na kiumbe kinachoteseka.

Asili yake ni Kisiwa cha Man, kilicho katika Bahari ya Ireland kati ya Uingereza na Ireland. Wenyeji kwa lugha yao ya Kimanx humwita stubbin, na mwaka 1970 kisiwa hicho kilimweka kwenye sarafu yake. Hadithi zake ni nyingi. Wako wanaosema alichelewa kupanda safina ya Nuhu na mlango ukamkata mkia, na wako wanaosema ni mzao wa paka na sungura. Hiyo ya pili haiwezekani kabisa, maana paka na sungura hawazai pamoja. Ukweli ni kwamba mabadiliko ya jeni yalitokea, na kwa kuwa kisiwa ni kidogo, paka wake wakazaliana wao kwa wao hadi hali hiyo ikaenea.

Jeni moja, mikia ya namna nne

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu matunzo yote yanatokana na jambo hili. Jeni inayohusika huitwa T, na kazi yake ni kuongoza ujenzi wa uti wa mgongo mtoto akiwa bado tumboni. Nakala moja yenye kasoro inatosha kufupisha au kuondoa mkia. Nakala mbili huua: kijusi hufa tumboni mapema na mwili wa mama hukifyonza. Kwa hiyo kila Manx asiye na mkia unayemwona ana nakala moja tu ya kasoro, na nyingine ni nzima.

Athari ya jeni hiyo hailingani kwa kila paka, ndiyo maana mama mmoja anaweza kuzaa watoto wenye mikia tofauti katika uzao mmoja. Wafugaji huwagawa katika makundi manne. Rampi hana mkia hata kidogo. Ukipitisha kidole mwisho wa mgongo unakuta kibonyeo mahali ambapo mkia ungeanzia. Rampi-raiza ana kifupa kimoja hadi vitatu chini ya manyoya, na akifurahi utakihisi kikiinuka. Stampi ana kigutu kinachoonekana, mara nyingi kimepinda. Longi ana mkia wa nusu au unaokaribia kuwa wa kawaida, na asiyejua atadhani ni paka wa mtaani tu.

Hatari kubwa iko kwa rampi. Upungufu wa pingili, yaani vifupa vya uti wa mgongo, ukiishia kwenye mkia, paka anaishi vizuri tu. Ukipanda juu hadi kwenye mfupa wa kiuno, neva zinazopita hapo kwenda kwenye kibofu, utumbo mpana na miguu ya nyuma huweza kuwa fupi, kubanwa, au kukosa mfupa wa kuzifunika. Madaktari wa wanyama huuita mkusanyiko huo wa kasoro ugonjwa wa Manx. Dalili zake ni kuvuja mkojo, kuvuja choo au kufunga choo, kukosa hisia makalioni, na udhaifu wa miguu ya nyuma. Wakati mwingine dalili haziko siku ya kuzaliwa. Hujitokeza mtoto anavyokua, kwa kawaida kabla ya miezi 6.

Usichanganye Manx na Japanese Bobtail, mwenye kimkia kama kifundo cha manyoya. Huyo ana jeni nyingine na hana matatizo haya ya mgongo. Wala paka aliyekatwa mkia na mlango au gurudumu si Manx: mgongo wake uliumbika kamili, na watoto wake watazaliwa na mikia.

Kumkagua mtoto kabla ya kumchukua

Usimchukue kabla hajatimiza miezi 4. Muuzaji anayekusukuma umchukue wa wiki 8 ama hajui anachofuga, ama anajua na anataka mzigo uhamie kwako. Watoto wa mbegu nyingine huondoka mapema bila shida, lakini kwa Manx ile miezi ya kusubiri ndiyo kipimo chenyewe.

Nenda nyumbani anapofugwa, ukae saa moja au mbili. Mwache mtoto atembee kwenye sakafu isiyoteleza, zulia au mkeka, nawe ukae nyuma yake. Akitembea polepole, miguu ya nyuma inapaswa kupishana, mmoja baada ya mwingine. Akikimbia kwa mchezo anaweza kuruka kwa miguu miwili pamoja, kwa sababu miguu ya nyuma ya Manx ni mirefu kuliko ya mbele. Hilo ni sawa. Lakini akirukaruka kama sungura hata anapotembea taratibu kuelekea kwenye chakula, neva zake zina shida. Watu hucheka na kupiga video mwendo huo, na inasikitisha, kwa sababu mara nyingi ni ulemavu. Angalia pia kama anakanyaga kwa kisigino badala ya vidole, kama miguu inatawanyika, au kama kucha za nyuma zimesagika kwa kuburuzwa.

Kisha mnyanyue. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe makalio. Je, matone ya mkojo yametoka uliponyanyua? Nusa manyoya ya nyuma. Harufu ya mkojo, manyoya ya manjano yaliyogandana au ngozi nyekundu kati ya mapaja vinakueleza kwamba anavuja kila siku, hata kama ameogeshwa asubuhi hiyo kwa ajili yako. Na aliyeogeshwa hadi yu majimaji nyuma, ulizia sababu.

Pitisha kidole kwa upole kando ya uti wa mgongo hadi mwisho. Kibonyeo cha rampi ni cha kawaida. Kitundu kisicho na manyoya, au kinachotoa majimaji, si cha kawaida hata kidogo: huenda kimeungana na utando wa neva, na uambukizo ukiingia hapo unaweza kufika kwenye uti wa mgongo. Halafu chukua kijiti cha pamba, uguse kidogo sana pembeni mwa njia ya haja kubwa. Misuli inapaswa kujikaza papo hapo. Isipojikaza, hisia za eneo hilo ni dhaifu au hazipo.

Mwisho omba kuona beseni la mchanga kabla halijasafishwa. Choo kizuri ni kigumu kiasi, kimekatika vipande virefu, na kimefukiwa. Vijipande vikavu vilivyodondoka kwenye kitanda au njiani vinaonyesha mtoto hajui kwamba vinatoka. Yote yakiwa sawa, bado lipia picha ya eksirei ya kiuno kwa daktari wa wanyama kabla ya kukamilisha malipo. Picha itaonyesha pingili zilizokosekana au zisizofunga.

Ulizia wazazi pia. Ukiambiwa baba na mama wote ni rampi, na babu na bibi vilevile, kuwa mkali zaidi katika ukaguzi.

Kumshika na kumpangia nyumba

Usimpigepige makalioni hata kwa mapenzi. Paka wengi hufurahia kukunwa juu ya shina la mkia. Manx wengi hawapendi, na wengine huumia hasa, kwa kuwa neva za hapo zina kinga ndogo ya mfupa. Stampi mwenye kigutu kilichopinda anaweza kupata maumivu ya viungo hapo akizeeka. Watoto wa nyumbani waonyeshwe mapema jinsi ya kumbeba kwa mikono miwili, na waambiwe wasishike kigutu kwa udadisi.

Kukosa mkia hakumzuii kuruka. Miguu ile ya nyuma ina nguvu nyingi, na Manx mzima hupanda juu ya kabati bila wasiwasi. Kinachomwumiza ni kutua juu ya vigae vinavyoteleza. Weka mkeka mahali anapotua, na rafu ya kati ili ashuke kwa hatua mbili.

Beseni la mchanga liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, na upande wa kuingilia usizidi sentimita 10 kwa kimo. Mchanga uwe kina cha sentimita 5 hivi. Idadi ya mabeseni ni idadi ya paka ukiongeza moja. Zoa mara mbili kwa siku, na usimwachie kazi hii mtu asiyetazama anachozoa, kwa sababu kwa Manx beseni ni taarifa ya afya ya kila siku.

Jambo moja husahaulika: paka huzungumza kwa mkia. Mkia uliosimama ni salamu, unaochapwa huku na huku ni onyo. Manx hana lugha hiyo. Paka mwenzake mgeni anaweza kushindwa kumsoma, ugomvi ukaanza. Unapowakutanisha, watenganishe vyumba kwa siku 7 hadi 10, badilishana matandiko yao wazoee harufu, kisha waonane kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo wakati wa kula. Wewe mwenyewe msome kwa masikio, macho na manyoya ya mgongo. Masikio yakilala pembeni na ngozi ya mgongo ikicheza, mwache.

Chakula

Manx mkubwa huwa na kilo 3.5 hadi 5.5, dume akiwa mzito kuliko jike. Hukua polepole, wengine hukamilisha mwili wakiwa na miaka 4 au 5, hivyo usijaribu kumnenepesha upesi. Paka wa kilo 4 aliyehasiwa au kufungwa kizazi na kukaa ndani anahitaji takriban kilokalori 240 kwa siku. Hizo ni kama gramu 60 hadi 65 za chakula kikavu cha paka, au gramu 280 hivi za chakula chenye majimaji. Soma pakiti, pima kwa mizani ya jikoni, kikombe hudanganya. Mtoto chini ya miezi 4 ale mara nne kwa siku, hadi miezi 6 mara tatu, baada ya hapo mara mbili. Ukipapasa mbavu unapaswa kuzihisi chini ya tabaka jembamba la nyama. Usipozihisi, punguza, kwa sababu kila gramu ya ziada inabebwa na kiuno chenye pingili pungufu.

Kwa Manx chakula chenye majimaji kina faida kubwa kuliko kikavu, kwa ajili ya utumbo. Mahitaji ya maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zikiwemo zilizo ndani ya chakula. Weka mabakuli mawili au matatu, mbali na beseni la mchanga.

Kwetu paka wengi hulishwa ugali na dagaa. Ugali humshibisha bila kumjenga, maana paka ni mla nyama na lazima apate taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama, ambayo nafaka haina. Dagaa wa kukaushwa kwa chumvi waloweke, umwage maji, uwachemshe, na wawe kionjo tu, si mlo wa kila siku. Samaki wabichi kila siku humwondolea vitamini B1, na samaki wa mafuta peke yake humletea uvimbe wa mafuta ya mwili. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kamwe: kwa utumbo unaosukuma kwa shida, kipande kidogo ni msiba. Vitunguu vya aina zote, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

Choo na mkojo

Kufunga choo ndilo tatizo linalowarudisha Manx kwa daktari mara kwa mara. Neva dhaifu haziusukumi utumbo vya kutosha. Choo kinakaa, kinakauka, kinakuwa kigumu. Utumbo mpana unatanuka, na ukishatanuka sana haurudi. Ndiyo maana siku moja ya kuchelewa ina uzito kwa paka huyu kuliko kwa mwingine.

Ukiona choo kikavu na kidogo, ongeza maji ya vuguvugu kwenye chakula, na uchanganye kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa, bila chumvi, sukari wala mafuta. Akifikisha saa 48 bila choo, mpeleke kwa daktari. Akijikaza na kutapika, mpeleke siku hiyo hiyo. Usimnyweshe mafuta kwa bomba la sindano, kwani huingia kwenye mapafu kirahisi, na usimpe dawa ya kufungua choo ya binadamu ya kuingizwa nyuma: zile zenye fosfeti huua paka. Yapo madawa ya kulainisha choo yanayomfaa, lakini kipimo akupe daktari kwa uzito wake.

Dume anayeingia na kutoka kwenye beseni bila kutoa mkojo ni dharura ya saa, si ya kesho. Hapo hujui kama ni neva au ni njia iliyoziba, na huna haja ya kujua, mpeleke.

Wako Manx wasioweza kumwaga kibofu wenyewe ila wanatembea na kula vizuri. Hawa huishi kwa kukamuliwa mkojo mara 3 au 4 kwa siku. Mkono mmoja hushikilia kifua, vidole vya mkono wa pili huzunguka tumbo mbele ya mapaja, na kibofu hukandamizwa polepole kuelekea nyuma. Ufundi huu ufundishwe na daktari ana kwa ana hadi uuweze, maana kukandamiza kwa nguvu hupasua kibofu, nako kuacha mkojo ndani huleta uambukizo. Mkojo ukigeuka kuwa na damu, ukungu au harufu kali, upimwe. Ngozi inayoloana ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ipanguswe bila kusugua, ipakwe vaselini nyembamba. Krimu za watoto wachanga zenye zinki usitumie. Ataramba, na zinki ni sumu kwake.

Kwa mtoto asiye na hisia nyuma kabisa, anayeburuza miguu, mwenye vidonda na uambukizo usioisha, daktari mwaminifu atakushauri alazwe usingizi wa mwisho. Ni ushauri mzito, lakini mara nyingi ni sahihi.

Manyoya, chanjo na macho

Manyoya ya Manx yana tabaka mbili, la ndani laini na zito, la nje gumu kidogo. Chanua mara mbili kwa wiki. Cymric, ambaye ni Manx wa manyoya marefu, mara tatu au zaidi. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam tabaka hilo la ndani ni mzigo, basi chanua kila siku wakati wa kaskazi, na umpe sakafu ya saruji yenye kivuli. Usimnyoe. Ukichanua, malizia kwa kukagua makalio. Manx hawezi kuinua mkia akuonyeshe, na choo kilichonata kwenye manyoya ya Cymric huficha vidonda.

Chanjo za msingi huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini usimpake hata tone, na parasetamoli usimpe hata kipande. Vyote viwili huua paka.

Kuna ugonjwa wa kioo cha mbele cha jicho uliowahi kuonekana katika ukoo huu, unaoanza kama ukungu kuanzia miezi 4 hivi. Ukiona weupe katikati ya jicho, usingoje.

Kuhusu kuzalisha

Ushauri wetu ni kumhasi dume na kumfunga jike kizazi, kati ya miezi 4 na 6, na kuwaachia uzalishaji wachache wenye rekodi za vizazi. Ukioanisha wawili wasio na mkia, robo ya vijusi hufa tumboni. Kati ya wanaozaliwa, wastani wa theluthi mbili wana nakala yenye kasoro na theluthi moja wana mikia kamili. Ukimwoanisha asiye na mkia na mwenye mkia kamili wa ukoo huo huo, hakuna anayekufa kwa nakala mbili, na nusu ya watoto watakuwa na nakala yenye kasoro. Njia ya pili ndiyo wanayoifuata wafugaji makini, ingawa nayo haiondoi hatari kwa rampi wanaozaliwa.

Akizeeka

Mpime uzito kila mwezi kuanzia miaka 8, ukisimama naye kwenye mizani kisha ukitoa uzito wako. Kupungua kwa asilimia 10 kunahitaji vipimo. Kata upande wa beseni ubaki sentimita 5, weka kidaraja mbele ya kiti anachokipenda, na ongeza maji kwenye chakula hata kama choo chake bado ni kizuri. Kila anapopelekwa kwa daktari mpya, au kabla ya dawa ya usingizi, sema mwanzoni kabisa kwamba ni Manx, na upeleke ile picha ya eksirei ya utotoni ili ilinganishwe na ya sasa.